Ubeti wa Shamba la Njiani

Siku ya Jumanne, tarehe 6 Mei mwaka 2025, saa kumi kasoro robo alasiri, Kristina alitoka katika darasa la kisomo pale Ilongero akiwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Alikuwa amesoma sentensi nzima mbele ya wenzake bila kusaidiwa. Sentensi yenyewe ilihusu mbuzi na kamba, wala haikuwa na maajabu yoyote, lakini aliisoma kutoka herufi ya kwanza hadi nukta, na Mwalimu Benjamin akasema, "Rudia, wale wa nyuma wasikie." Akairudia. Wale wa nyuma, ambao wote walikuwa akina mama wenye wajukuu, walimpigia makofi na vigelegele kana kwamba bibi harusi ameingia ukumbini.

"Mama Aneth, leo huyo mbuzi umemchinja na nyama umeimaliza," Rukaiya alimtania walipokuwa njiani. "Sisi wengine bado tunamfukuza na kamba yake."

"Utamkamata Alhamisi."

"Labda yeye ndiye atakayenikamata mimi."

Rukaiya alikuwa mjane. Alirejea Ilongero mwezi wa Januari baada ya miaka mingi ya ndoa kule Singida mjini, akajiandikisha kisomo wiki ileile aliyofika. Yeye na Kristina walifahamiana tangu utoto, lakini kwa mbali, kwa maana baba zao walilima mashamba yaliyotengana, na mmoja wa wazee hao, Mzee Idrissa, baba yake Rukaiya, alikuwa mtu wa msikitini, ilhali baba yake Kristina alikuwa mtu wa kanisani. Sasa ukubwani dawati moja liliwaunganisha, na kila jioni waliongozana hadi nyumbani kwa Kristina, kisha Rukaiya akaendelea na njia yake.

Siku hiyo hakuendelea. Walipofika uani walikuta kigoda cha Bibi Klara kitupu. Kikombe cha uji kilikuwa kimelala ubavu, na nzi walikuwa wamekwisha kukizunguka. Mlango wa uani ulikuwa wazi.

"Mama," Kristina aliita, akiingia ndani. Akaita tena chumbani, jikoni, nyuma ya choo. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika. "Rukaiya, mama mkwe wangu hayupo."

* * *

Bibi Klara alikuwa amepita miaka themanini. Kwa muda wa miaka miwili kumbukumbu yake ilikuwa ikiondoka kidogo kidogo, kama maji katika mtungi wenye ufa usioonekana. Kwanza yaliondoka majina ya wajukuu, baadaye jina la Antipasi, mwanawe mwenyewe, na mwisho jina lake. Ukimwita Klara, anatazama nyuma kuona nani anaitwa.

Kitu kimoja tu kilibaki kizima. Kila alfajiri Kristina alipokuwa akikoka moto, aliimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa zamani, wimbo wa kanisani ambao siku hizi haumo hata katika kitabu:

*Kumekucha, Bwana wangu,*
*umande ungali chini;*
*nishike mkono wangu,*
*nitoke nawe shambani.*

Na kutoka chumbani, bila kukosea neno, Bibi Klara alijibu:

*Jua limepanda juu,*
*kazi ya mikono nzito;*
*wewe ndiwe nguvu kuu,*
*nami kwako ni mtoto.*

Kisha alitoka, akaketi kwenye kigoda chake, akageuza sikio kuelekea njiani, akanyamaza. Alikaa hivyo muda mrefu, kichwa kikiwa kimeinama upande, na asipopata alichokingoja alianza kuhangaika na kuvutavuta kanga. Kristina alifikiri ni njaa. Alimletea uji haraka, na kwa miaka miwili yote hakuna aliyefikiri vinginevyo.

* * *

Antipasi alitokea upande wa zizi akiwa na fimbo mkononi. Alikuwa mtu mpole mwenye maneno machache, na alipoona nyuso za wale wanawake wawili alisimama kabla hajafika.

"Mama yuko wapi?" Kristina aliuliza.

"Si yuko hapo?"

"Hapo wapi? Nilikuachia wewe."

"Nilikwenda zizini mara moja tu. Dalali alikuja kumtazama yule dume." Aliangalia kigoda, akaangalia jua. "Mara moja tu, Mama Aneth."

"Mara moja ya saa ngapi?"

Antipasi alitoa simu mfukoni akampigia dada yake Joyce, anayekaa Utemini, Singida mjini, na kufanya biashara ya vitambaa, na katika kueleza alisema tu kwamba mama ametoka wakati Kristina yuko kisomo. Kristina aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama hatua chache kutoka hapo. Yalimchoma. Lakini haukuwa wakati wa kugombana, kwa sababu jua la mwezi wa tano lilikuwa bado kali, na mwanamke mzee alikuwa nalo huko, mahali fulani, bila maji.

Majirani walikusanyika upesi. Wengine walielekea barabara kuu, wengine sokoni, na Rukaiya akachukua akina mama wawili kwenda kisimani, akisema wazee hufuata maji. Kila upande ilisikika sauti ikiita, "Bibi Klara! Bibi Klara!" Kristina alizunguka nyumba za karibu moja baada ya nyingine, akiuliza, na katika nyumba ya tatu mama mmoja alimjibu kwa upole wenye mwiba ndani yake, "Pole sana. Shule nayo ina gharama zake, si ndiyo?"

Joyce alifika na bodaboda, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri.

"Wifi, habari nilizozisikia ni za kweli?"

"Ni za kweli, wifi. Karibu."

"Sijaja kukaribishwa." Joyce alivua kofia ngumu akampa dereva bila kumtazama. "Kila mwezi nawaza mama anakula nini, anavaa nini, naleta. Kazi yenu nyinyi ni moja tu, kumtazama. Wewe unampata a-e-i-o-u, unampoteza mama. Ndiyo hesabu mliyofundishwa?"

Watu waliokuwapo uani walijifanya kuangalia kuku. Antipasi alikwaruza ardhi kwa ncha ya fimbo. Kristina alimtazama mumewe, akangoja aseme neno moja tu, neno la zizi na dalali. Halikuja.

"Wifi," hatimaye Kristina alisema, "nitukane tukishampata. Nitakaa chini, nitakusikiliza mpaka umalize. Sasa hivi niache nifikiri."

* * *

Akafikiri. Watu walikuwa wakiita jina. Lakini jina lile halikuwa na mwenyewe tena! Bibi Klara angeweza kuwa nyuma ya kichaka hatua tano kutoka kwa mwitaji, akasikia mtu anaitwa Klara, akaendelea na shughuli zake. Kristina alihisi damu inampanda kichwani kwa namna ileile aliyoihisi darasani, pale herufi zilipokubali ghafla kuwa neno.

"Tunamwita vibaya," alisema. Alikuwa amekwisha kuanza kutembea. "Huyu haitwi kwa jina. Huyu anaitwa kwa zamu."

"Zamu gani?" Joyce aliuliza, akimfuata.

Ikabidi Kristina aeleze huku wakienda kwa haraka, wakilipita zizi na kuishika njia ya majabali. Joyce alikuwa mdogo wa mwisho, alipelekwa shule ya bweni mapema, hakuyajua haya. Zamani, mtama ulipoanza kukomaa na kweleakwelea kushuka kama wingu, kila familia ilimweka mtu juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, awafukuze ndege kwa kombeo na kelele tangu umande hadi jua kuzama. Hatari kubwa haikuwa ndege. Ilikuwa usingizi. Basi mashamba matatu yaliyofuatana mteremkoni yaligawana wimbo mmoja. La juu, la baba yake Kristina, lilianza ubeti wa kwanza. La kati, la Bibi Klara, lilijibu kwa wa pili. Na la tatu, lile la njiani, lilimaliza. Shamba lisipojibu, wenzake walijua mlinzi amelala au amepatwa na jambo, wakaenda kumwangalia.

"Kila mtu na ubeti wake," Kristina alisema, akihema. "Kuimba ubeti wa mwenzako ilikuwa kama kumlia chakula. Mama yako alinicharaza kwa ufagio siku niliyojaribu."

"Na wewe ukakubali kuolewa humohumo?"

"Ufagio ulikuwa wa haki, wifi."

Joyce nusura acheke, akajizuia. Viatu vyake vya mjini vilikuwa vimeanza kumsaliti kwenye changarawe. Alivivua, akavishika mkononi, akaongeza mwendo. Antipasi aliwafuata nyuma.

Walipovuka majabali, mteremko wa zamani ulijitandaza mbele yao. Sehemu kubwa sasa ilikuwa alizeti, vichwa vimeinama, vimekwisha kukauka. Huku na huko palibaki vipande vya mtama. Kristina alipanda juu ya jiwe, akaweka viganja mdomoni, akaimba ubeti wake kwa nguvu zote alizonazo.

*Kumekucha, Bwana wangu…*

Alipomaliza walisikiliza. Upepo ulipita katika alizeti. Hakuna kitu.

"Saa kumi na moja jioni unaimba kumekucha," Joyce alisema kwa sauti ya chini, na safari hii haikuwa dhihaka, ilikuwa hofu.

Kristina aliimba tena, amegeukia upande wa chini. Walisikiliza tena. Na hapo, kutoka mbali, sauti nyembamba kama uzi, sauti yenye ufa lakini isiyokosea neno, ikaja juu ya vichwa vya alizeti:

*Jua limepanda juu,*
*kazi ya mikono nzito…*

"Mama," Antipasi alisema. Ndilo neno la kwanza alilotamka tangu watoke nyumbani. Kisha wote watatu walikuwa wakikimbia.

* * *

Shamba lilikuwa la mtu anayeitwa Calist. Walimkuta amesimama chini ya dungu lake akijishika paji la uso, na hakuwa amefurahi.

"Huyu mama ni wenu?"

"Ni wetu," Antipasi alisema. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilikwenda kula chakula cha mchana. Narudi, namkuta juu. Namwambia mama shuka, ananitwanga na bonge la udongo. Hapa, tazama." Akawaonyesha uvimbe. "Kwa kombeo langu mwenyewe." Kisha akaongeza kama mtu anayelazimishwa na dhamiri, "Ila nisiseme uongo. Tangu amepanda, hakuna ndege aliyeonja punje."

Juu kabisa, kimo cha watu wawili, Bibi Klara alikuwa amekaa wima, kanga amejifunga kiunoni, kombeo mapajani. Midomo ilikuwa imemkauka. Lakini uso ule ambao kwa miaka miwili ulikuwa umefungwa kama duka la mtu aliyehama, sasa ulikuwa wazi. Macho yalikuwa yakitembea shambani kutoka mpaka hadi mpaka.

"Jamani, msilitikise," Calist alisema upesi alipomwona Antipasi anashika ngazi. "Mguu ule wa upande wa kichuguu umeliwa na mchwa. Mimi mwenyewe hupandia upande mmoja tu. Nilikuwa nilijenge upya wiki hii."

Antipasi alikanyaga kipandio cha kwanza. Dungu likalia, likainama kidogo kama ng'ombe anayetaka kulala. Bonge la udongo lilipita karibu na sikio lake. Akashuka.

"Mama, ni mimi, Antipasi. Mwanao."

Bibi Klara alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mpita njia, kisha akarudisha macho kwenye mtama.

Walijaribu maji. Joyce aliinua chupa juu, akasema, "Mama, kunywa, mama yangu." Mama hakunywa, kwa sababu mlinzi hateremki kufuata maji. Walijaribu kumwambia kwamba mtama si wake. Hilo lilimkasirisha hasa. Alisimama ili awaone vizuri wezi hao, na mguu wa dungu ukatoa mlio mkavu.

"Kaa, mama, kaa," Kristina alisema. "Shamba ni lako. Tumekosea."

Akakaa.

Kristina alipiga hatua nyuma, akaimba ubeti wa kwanza taratibu. Bibi Klara akajibu wa pili mara moja, kwa furaha, akitikisa kichwa. Kisha akageuza sikio kuelekea njiani. Akainamisha kichwa upande. Akangoja.

Kristina aliitambua ile namna ya kungoja. Aliiona kila asubuhi ya Mungu. Ilimpiga kama maji baridi: haikuwa njaa! Miaka miwili alikuwa akimletea uji mtu anayengoja ubeti wa tatu.

"Hawezi kushuka," alisema. "Zamu haijafungwa. Ubeti wa tatu ndio unaowaruhusu watu kwenda nyumbani."

"Basi uimbe," Joyce alisema.

"Siujui."

"Hujui? Umeusikia utoto wako wote."

"Nimesikia sauti. Shamba la njiani lilikuwa mbali na letu, maneno hayakufika. Na kanisani waliishia kuimba ubeti wa kwanza na wa pili, ili matangazo yapate nafasi. Mpaka wakauacha wote."

"Kaka?"

"Mimi nilikuwa machungani," Antipasi alisema.

Joyce alijaribu mwenyewe. Alirudia ubeti wa kwanza, akidhani wimbo ni wimbo. Juu ya dungu Bibi Klara alikunja uso.

"Nani huyo anaturudisha asubuhi?" alisema kwa Kinyaturu, kwa ukali wa mtu mzima mwenye akili zake zote. "Mmelewa?"

Calist aliziba mdomo kwa kiganja. Joyce alitoa simu, akaandika maneno, akaizungusha huku na huko kutafuta mtandao, akaandika tena. Ziliibuka nyimbo nyingi zenye kinanda na watu waliovaa sare zinazong'aa. Ule haukuwamo.

"Nani alikuwa na shamba la njiani?" aliuliza, akifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Mtaje, wifi. Mtu au mtoto wa mtu."

"Marehemu Mwinjilisti Hezekia. Siku zote sauti ilitoka upande wa nyumba yake. Nani mwingine angeimba wimbo wa kanisani vizuri vile?"

Joyce alikuwa na namba ya mtoto wa Hezekia, aliyehamia Nduguti na ambaye ni mteja wake wa vitambaa. Simu iliita muda mrefu, ikapokelewa. Joyce alieleza kwa haraka, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Dada Joyce, poleni sana," sauti ilisema. "Lakini sisi hatukuwahi kulima hapo. Nyumba yetu tu ndiyo ilikuwa hapo. Sisi tulilima bondeni. Shamba la njiani lilikuwa la Mzee Idrissa."

Walitazamana.

"Idrissa yupi?" Kristina aliuliza kwenye simu.

"Kwani walikuwapo wangapi? Baba yake Rukaiya."

* * *

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Joyce alimpigia yule dereva wa bodaboda, ambaye kwa bahati alikuwa bado akinywa chai kandokando ya barabara, akamwamuru kwa sauti ya kibiashara: kisimani, mama mmoja mrefu, kanga ya njano, hijabu nyeusi, mlete mashamba ya mteremkoni, pita popote pikipiki inapopita. Antipasi na Calist walitafuta gogo wakaliegemeza kwenye ule mguu ulioliwa. Kristina alibaki chini ya dungu akiimba ubeti wa kwanza kila Bibi Klara alipoanza kuhangaika, akipewa wa pili, akiutazama mdomo ule uliokauka, huku jua likishuka kuelekea majabali.

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Rukaiya alishuka ameshika hijabu yake kwa mikono miwili.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, yuko juu, na hashuki," Kristina alisema, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja. "Rukaiya, mlipokuwa mkilinda ndege kwenu, mlikuwa mnaimba?"

Rukaiya alimwangalia kwa mshangao, kisha akatazama juu. Bibi Klara alikuwa amegeuza sikio.

"Wameimba mpaka wapi?" Rukaiya aliuliza polepole.

"Mpaka jua limepanda juu."

"Basi uliobaki ni wa kwetu."

"Unaujua?"

"Mimi sijui mwingine. Huo tu." Alicheka kicheko kifupi cha aibu. "Kwani ni wa kanisani? Mimi nilijua ni wimbo wa ndege. Baba alisema, majirani wakikupa kipande cha kazi, ukifanye vizuri, na ndege hawaulizi mtu anasali wapi. Mwaka huu sijauimba, wala mwaka jana, wala… Mama Aneth, nitakuwa nimeusahau."

"Hujausahau."

Joyce alimsogelea. Huyu ndiye aliyempa dereva kofia bila kumtazama, na sasa alikuwa peku, mkono mmoja umebeba viatu. "Dada," alisema, "nakuomba."

Rukaiya alitikisa kichwa kukubali, lakini hakufungua kinywa. Badala yake aliwaacha, akatembea kuupita mtama, akaelekea njiani.

"Anakwenda wapi?" Calist aliuliza.

"Kwake," Kristina alisema. "Sauti ile haitoki hapa."

Walimwona akifika kwenye njia, akageuka, akasimama. Kanga ya njano ilishika mwanga wote uliobaki. Mara ya kwanza sauti ilikwama. Alikohoa. Mara ya pili ikatoka, si nzuri sana, pana na ya chini, lakini kila neno lilikuwa mahali pake:

*Zamu yangu imekwisha,*
*mavuno umeyalinda;*
*nyumbani wanirudisha,*
*ninashuka, ninakwenda.*

Bibi Klara alisikiliza hadi neno la mwisho. Kisha alishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyekaa siku nzima, akakunja kombeo vizuri, akaliweka kifuani ndani ya kanga. Akageuka, akashuka mwenyewe. Alishukia upande ule ule mzima, kipandio kwa kipandio, mgongo nje, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Antipasi alinyoosha mikono bila kumgusa. Mguu wa mwisho ulipokanyaga udongo, dungu likasogea juu ya gogo lake, likatulia.

Alikunywa maji ya Joyce yote, bila kuuliza Joyce ni nani. Halafu akatembea moja kwa moja hadi njiani, wengine wakimfuata, mpaka aliposimama mbele ya Rukaiya.

"Shikamoo, mama," Rukaiya alisema, akipiga goti.

"Marahaba. Leo umechelewa."

"Nisamehe, mama."

"Kesho uwahi." Alimtazama kwa makini, na katika uso ule likapita jambo ambalo hakuna mtoto wala mkwe aliyelipata kwa miaka miwili. "Wewe si binti wa Idrissa? Baba yako hajambo?"

Mzee Idrissa alikuwa amezikwa zamani.

"Hajambo, mama. Anakusalimu."

"Mwambie nimesikia. Kila siku nasikia."

* * *

Walirudi nyumbani kwa miguu, kwa mwendo wa Bibi Klara. Joyce alikuwa upande wake wa kulia, Rukaiya wa kushoto. Walipofika kwenye majabali, Antipasi alisimama.

"Joyce," alisema, "mama hakuachwa na Kristina. Aliachwa na mimi. Nilikuwa zizini na dalali, tukakaa. Ningesema mapema. Sikusema."

"Nimekusikia, kaka. Na majirani nao wakusikie." Kisha Joyce akamgeukia Kristina. "Wifi, uliniambia nikutukane tukishampata. Tumempata, na sina tusi. Nifanyeje?"

"Nifundishe kuandika ujumbe kwenye simu," Kristina alisema. "Na ukalale hapa leo, alfajiri usikie."

Alilala. Alfajiri aliusikia ubeti wa kwanza jikoni, wa pili chumbani, kisha, kutoka njiani, wa tatu, wa mtu mwenye ndoo ya maji kichwani aliyewahi kama alivyoagizwa. Bibi Klara alitoka, akaketi, akaomba uji mwenyewe. Akaunywa wote akiwa ametulia, mikono imelala mapajani, na kanga hakuivuta hata mara moja. Tangu siku hiyo hakutoka tena peke yake. Hakuwa na cha kutafuta.

Alhamisi, kisomo, Mwalimu Benjamin aliuliza nani ataandika ubaoni. Kristina alisimama kabla swali halijaisha. Aliandika ubeti wa kwanza kwa kichwa chake. Wa pili aliuandika akitamka kimoyomoyo kwa sauti ya mama mkwe wake. Wa tatu alitajiwa na Rukaiya, neno kwa neno, na palipokuwa na kosa Rukaiya aliliona yeye mwenyewe, akainuka, akalifuta kwa ukingo wa kanga. Akina mama wa nyuma walinakili. Siku hiyo hapakuwa na mbuzi wala kamba.

Nawe uliyefika hapa, beti zote tatu zimekwisha kupita mikononi mwako, na ubeti mmojawapo bila shaka umekukaa. Usiufungie ndani. Mwimbie mtoto wako, au jirani wa dini nyingine, au mzee anayegeuza sikio kuelekea njiani bila watu kujua anangoja nini. Kisha mwambie naye ampe mwingine, jua likiwa bado halijazama.